Patrick Brontë, Mtoto wa Kitongoji cha Emdale



Katika kurasa hizi tumezoea kusimulia maisha ya watu waliolitumikia Kanisa kabla yetu. Safari hii tunawaletea habari za Mchungaji Patrick Brontë, aliyezaliwa mwaka 1777 na kufariki mwaka 1861. Wengi waliopita shule wamesikia jina la Brontë kwa sababu ya binti zake watatu, Charlotte, Emily na Anne, ambao vitabu vyao vya hadithi husomwa duniani kote. Wachache wanajua kwamba baba yao alikuwa kasisi wa Kanisa letu la Anglikana. Na wachache zaidi wanajua kwamba kasisi huyo alizaliwa katika kibanda cha vyumba viwili, kwenye kitongoji kidogo cha Ayalandi kiitwacho Emdale. Nasi tutaanzia huko Emdale, maana mtu huyu haeleweki vema pasipo mahali alipotoka.

NCHI YA VILIMA

Emdale iko katika wilaya ya Down, kaskazini mwa kisiwa cha Ayalandi, karibu na mji mdogo wa Rathfriland uliojengwa juu ya kilima. Ukisimama hapo na kutazama, utaona vilima vidogo vya mviringo, kimoja nyuma ya kingine, kama migongo ya ng'ombe waliolala. Wataalamu wanasema vilima hivyo viliachwa na barafu nene iliyoifunika nchi ile zamani sana. Kati ya kilima na kilima kuna mabonde yenye majimaji na udongo mweusi. Watu wa zamani waliukata udongo huo vipande kama matofali, wakauanika, ukawa ndio kuni zao, kwa sababu miti ilikuwa haba. Upande wa kusini inasimama milima ya Mourne, na kilele chake kirefu, Slieve Donard, kina zaidi ya futi 2,700. Mto Bann huchimbuka katika milima hiyo na kuteremka kupita katika nchi ile.

Ayalandi nzima imegawanyika katika vitongoji vya namna hii, na jumla yake ni zaidi ya 60,000. Kitongoji kimoja huweza kuwa na nyumba chache tu na mashamba yake. Mpaka wake ni kijito, au ua wa miiba, au ukuta wa mawe. Majina mengi yalitoka katika lugha ya kale ya wenyeji, nayo yana umri mkubwa kuliko ramani yoyote ya serikali. Katika miaka ya 1970 idara ya posta ya Ayalandi ya Kaskazini ilipoanza kutumia majina ya barabara na namba za nyumba, wenyeji wengi walisimama kuyatetea majina ya vitongoji vyao. Waliona kwamba jina likipotea, habari za wazee waliolima pale zitapotea nalo.

WATU WA EMDALE

Katika karne ya 18 watu wa pande zile waliishi kwa jembe na kitani. Kitani hakikatwi kwa mundu, bali hung'olewa kwa mikono. Huloweshwa siku nyingi katika bwawa hadi kioze na kutoa harufu kali, kisha huanikwa, hupondwa, na nyuzi zake husokotwa. Kazi ya kusokota ilikuwa ya akina mama na wasichana, na kufuma ilikuwa ya wanaume. Mtambo wa kufumia ulikaa ndani ya nyumba, pengine chumba kile kile walimolala. Kitambaa kilipelekwa mnadani katika miji kama Banbridge, na fedha iliyopatikana ikaishia kwa mwenye ardhi. Mkulima hakuwa na shamba lake mwenyewe. Alilipa kodi kwa bwana mwenye nchi, na asipolipa alifukuzwa.

Katika vilima hivyo waliishi watu wa makanisa matatu. Walikuwapo Wakatoliki, wengi wao wakiwa wa uzao wa wenyeji wa kale. Walikuwapo Wapresbiteri, ambao babu zao walitoka Uskoti. Na walikuwapo Waanglikana, ambao kanisa lao lilikuwa kanisa la serikali. Hatuna haja ya kuficha kwamba sheria za wakati ule ziliwaonea wengine. Mkatoliki na Mpresbiteri walilazimishwa kulipa zaka ili kumtunza kasisi wa Kianglikana ambaye hawakumsikiliza. Hali hiyo ya kuwa kanisa la serikali ilikomeshwa mwaka 1871. Lakini pamoja na hayo yote, katika kitongoji majirani waliazimana moto, walisaidiana kuvuna, na kuzikana.

Hapo Emdale aliishi Hugh Brunty, mtu wa kazi za mikono asiye na mali. Tanuri la kukaushia nafaka lilikuwa humo humo nyumbani mwake. Nyumba ilikuwa na paa la nyasi na sakafu ya udongo. Mkewe, Eleanor McClory, kwa masimulizi ya watu wa huko alizaliwa katika nyumba ya Kikatoliki, naye Hugh alikuwa Mprotestanti. Hugh alisifika kwa kusimulia hadithi, hata majirani wakaja jioni kuketi penye moto wa tanuri wamsikilize. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa tarehe 17 Machi 1777, ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Patrick, aliyewahi kuwa mtumwa katika nchi ile na baadaye akairudia na Injili. Basi mtoto akaitwa Patrick. Baada yake walizaliwa wengine tisa, wakawa wavulana watano na wasichana watano.

KIJANA MWENYE KITABU

Patrick alipokua kidogo alipelekwa kujifunza kazi kwa mhunzi. Baadaye akawa mfumaji wa kitani. Vitabu nyumbani vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, lakini kila alichokipata alikisoma mpaka akakishika moyoni. Watu wa pande zile husimulia kwamba mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, Andrew Harshaw, alimkuta kijana huyo akisoma mashairi ya Milton kwa sauti. Mchungaji hakumcheka mfumaji anayesoma mashairi. Alimwazima vitabu, akamfundisha kabla ya saa za kazi, na kwa msaada wake Patrick akapata nafasi ya kufundisha katika shule ya Wapresbiteri huko Glascar. Hapo alikuwa hajatimiza miaka 20.

Kazi ile haikudumu. Inasimuliwa kwamba alipendana na msichana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, wazee wakaudhika, na mwalimu akapoteza kazi. Wengi wetu tumeona vijana wakianguka namna hiyo, na tumeona pia jinsi mlango unavyofungwa baada yao usifunguliwe tena. Kwa Patrick mlango mwingine ulifunguliwa. Mchungaji Thomas Tighe, kasisi wa Kianglikana wa mtaa wa Drumballyroney, alimchukua afundishe shule ya mtaa, kisha akamfanya mwalimu wa watoto wake mwenyewe. Tighe alikuwa mtu wa uamsho, mwenye bidii ya Injili, naye mwenyewe alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza.

Siku hizo nchi ilikuwa inachemka. Mwaka 1798 Wapresbiteri wengi wa wilaya ya Down, pamoja na baadhi ya Wakatoliki, waliinuka kupigana na serikali, wakashindwa vibaya huko Ballynahinch mwezi Juni. Mapokeo ya ukoo yanasema kwamba William, ndugu yake Patrick, alikuwa miongoni mwa walioinuka. Basi wana wa nyumba moja walishika njia mbili, mmoja akienda vitani na mwingine akiwa mwalimu nyumbani mwa kasisi. Tangu hapo Patrick aliogopa vurugu maisha yake yote. Lakini pia hakusahau kwamba waliodhulumiwa wana haki ya kusikilizwa.

DENI LA WENGI

Mwaka 1802, akiwa na umri wa miaka 25, Patrick aliondoka Ayalandi akaingia Chuo cha St John's, Cambridge. Aliingia kama mwanafunzi maskini wa kupunguziwa ada, kati ya vijana ambao baba zao walikuwa na mashamba makubwa. Aliyeandika jina lake chuoni alisikia vibaya matamshi yake ya Kiayalandi, akaandika Branty. Muda si muda yeye mwenyewe akaanza kuliandika Bronte, na hivyo jina la baba yake likabadilika. Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa, na wapo waliomhukumu Patrick kwa jambo hili. Tutaona mbele kama kweli aliiacha asili.

Fedha zake zilikaribia kwisha. Ndipo mwenzake wa chuoni, Henry Martyn, aliyekuwa akijiandaa kwenda India, alipoandika barua kumwombea msaada. William Wilberforce, yule aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na Henry Thornton, mtu wa benki, wakakubali kumpa kila mmoja paundi 10 kwa mwaka. Hapo habari hii inagusana na yetu. Wilberforce na Thornton walikuwa miongoni mwa watu waliokianzisha chama cha misioni cha CMS mwaka 1799, na Thornton alikuwa mtunza hazina wake wa kwanza. Chama hicho ndicho kilichomtuma Krapf, akafika Mombasa mwaka 1844, na wamisionari wake wakafika Mpwapwa mwaka 1876. Mifuko iliyomsomesha mtoto wa Emdale ilifunguliwa pia kwa ajili ya kuleta Injili kwetu.

Patrick alipata shahada yake mwaka 1806, akawekewa mikono kuwa shemasi mwaka huo huo, na kuwa kasisi mwaka 1807. Kabla ya kuanza kazi alirudi kwao, na watu wa Drumballyroney husimulia kwamba alihubiri katika kanisa lao mbele ya wazazi wake na ndugu zake. Tukumbuke waliomfikisha hapo. Alikuwapo baba mwenye tanuri, mchungaji wa kanisa jingine aliyeazima vitabu, kasisi aliyempokea baada ya kuanguka, rafiki aliyeandika barua, na matajiri wawili waliotoa bila kumdai. Hilo lilikuwa deni kubwa, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ilikuwa kulilipa. Ila hakuwalipa wale waliompa, bali aliwalipa watu wengine kabisa.

MIAKA 41 HAWORTH

Baada ya kutumika mitaa kadhaa ya Uingereza alimwoa Maria Branwell mwezi Desemba 1812, na Mungu akawapa watoto sita. Mwaka 1820 akawekwa katika mtaa wa Haworth, kijiji cha milimani chenye baridi na upepo, ambako watu walifuma sufu kama kwao walivyofuma kitani. Hapo alikaa mpaka kufa, miaka 41.

Misiba ilianza mapema. Maria alifariki mwezi Septemba 1821, akaacha watoto sita ambao mdogo wao hakuwa ametimiza miaka 2. Dada yake marehemu alikuja kuwalea. Mwaka 1824 Patrick aliwapeleka binti zake wanne katika shule ya bweni ya watoto wa makasisi, akitumaini kuwapa elimu ambayo yeye aliitafuta kwa shida. Wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, waliugua kifua kikuu wakiwa shuleni, wakarudishwa nyumbani na kufariki mwaka 1825, mmoja mwezi Mei na mwingine mwezi Juni. Watoto wanne waliobaki alikaa nao nyumbani. Akawaruhusu kusoma chochote kilichokuwa katika kabati lake, jambo ambalo wazazi wengi wa siku zile hawakulikubali kwa wasichana. Na asubuhi mezani aliwasimulia hadithi za ajabu za Ayalandi, kama alivyozisikia penye tanuri la baba yake.

Kwa watu wa mtaa alifanya yale aliyofanyiwa. Mwaka 1832 shule ya Jumapili ilijengwa kando ya kanisa, na watoto wa viwandani wakajifunza kusoma humo. Mwaka 1829, wakati Wakatoliki wa Ayalandi walipokuwa wakidai haki ya kuingia bungeni, aliandika magazetini kuunga mkono wapewe haki, ingawa kwa masharti. Mwaka 1837 alisimama hadharani kupinga sheria mpya iliyowalazimisha maskini kuingia katika nyumba za kazi ndipo wapewe chakula. Mtu aliyezaliwa Emdale alijua kwamba njaa siyo uvivu.

Lakini adui mkubwa wa Haworth alikuwa maji. Makaburi yalijaa juu ya kijiji, vyoo vilikuwa vichache mno, uchafu ulitiririka barabarani, na visima vilikuwa chini yake. Kasisi aliwazika watoto kila juma. Mwaka 1849 Patrick na wenzake walipeleka maombi serikalini London, na mwaka 1850 akaja mkaguzi aitwaye Babbage. Alikuta kwamba katika kila watoto 100, zaidi ya 41 walikufa kabla ya kutimiza miaka 6, na kwamba wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 25 na kitu. Hata baada ya taarifa hiyo baadhi ya wenye mali walipinga, kwa sababu hawakutaka kodi iongezwe. Mzee wa miaka zaidi ya 70 akaendelea kuandika barua, kudai, na kukumbusha. Hakuona kwamba kudai maji safi ni kazi ya watu wa serikali peke yao. Aliona ni sehemu ya uchungaji wake, sawa na kuhubiri.

MZEE PEKE YAKE

Kufikia mwaka 1846 mtoto wa jicho alikuwa amemfanya Patrick karibu kipofu. Mwezi Agosti mwaka huo Charlotte alimpeleka Manchester, akapasuliwa bila dawa ya usingizi, akastahimili. Aliona tena, akarudi mimbarani. Huko huko Manchester, katika chumba cha kuuguza, Charlotte alianza kukiandika kitabu cha Jane Eyre, kilichotolewa mwaka 1847 na kumpatia sifa. Emily na Anne nao vitabu vyao vilitolewa mwaka huo, wote watatu wakitumia majina ya kubuni. Baba yao hakujua neno mpaka alipoletewa kitabu kilichokwisha kuchapwa.

Furaha hiyo ilikuwa fupi. Mwana wake wa pekee, Branwell, aliyekuwa amezama katika pombe, alikufa Septemba 1848. Emily akafuata Desemba mwaka huo huo, na Anne akafa Mei 1849. Katika miezi tisa mzee alipoteza watoto watatu. Alibaki na Charlotte, aliyeolewa mwezi Juni 1854 na Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi wa baba yake, naye pia mzaliwa wa Ayalandi. Mwanzoni mzee alimkataa kijana huyo kwa ukali, na hapo hatuwezi kumsifu. Charlotte alifariki tarehe 31 Machi 1855. Wakabaki nyumbani wanaume wawili, mkwe na baba mkwe, waliokuwa wamegombana. Nicholls hakuondoka. Alimtunza mzee miaka sita, mpaka alipokufa tarehe 7 Juni 1861 akiwa na umri wa miaka 84.

Je, aliiacha asili yake? Kwa yote tunayoyajua, baada ya ziara ile ya mwanzo hakurudi tena kuishi kwao. Lakini husimuliwa kwamba alimpelekea mama yake fedha kila mwaka mpaka mama huyo alipofariki. Na katika wosia wake aliacha paundi 40 zipelekwe kwa ndugu yake Hugh, zigawiwe sawasawa kwa ndugu wote wa kiume na wa kike. Wosia huo ulieleza kuwa hata zamani alikuwa amewapa msaada. Jina lilibadilika, lakini mkono haukusahau njia ya nyumbani.

Leo nyumba ya Emdale imebaki kuta fupi za mawe katikati ya nyasi, na kibao kinachotaja aliyezaliwa hapo. Kanisa la Drumballyroney na shule aliyofundisha vimehifadhiwa, na wageni hutoka mbali kuvitazama. Milima ya Mourne ingali inaonekana upande wa kusini kama alivyoiona mtoto yule.

Ndugu zetu, Nathanaeli aliuliza kama jema laweza kutoka Nazareti, na jibu analijua kila Mkristo. Katika vitongoji vyetu wamo watoto wanaosoma kwa mwanga wa koroboi, na vijana walioanguka mara moja ambao hakuna anayewaita tena. Hatukuambiwa ni yupi kati yao atakayekuwa na jina. Tuliambiwa tuwasaidie. Tunaweza kuazima kitabu, kuandika barua, kutoa kidogo cha ada, au kumpokea aliyefukuzwa. Na wale kati yetu tuliosaidiwa zamani, na waliotusaidia wamekwisha kulala katika Bwana, deni letu halikufa nao. Linalipwa hapa, kwa watoto wa jirani, na kwenye kisima cha kijiji.

Bwana atupe macho ya kuwaona, na mikono isiyofunga. Amina.